Maji Taka Yakirudi Ndani ya Nyumba: Mwongozo kwa Kaya za Yangambi na Kisangani

Ikiwa maji meusi yanapanda sasa hivi kutoka tundu la bafu lako, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Saa ya kwanza". Watu wakishakuwa salama na matumizi ya maji yakishasimama, rudi hapa usome chanzo chake. Anayezibua bila kujua palipoziba huhamisha uchafu kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Mwongozo huu ni wa kaya zinazotumia choo cha maji na fosi septiki: nyumba za matofali za Yangambi zilizojengwa enzi za INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933 na ambayo kazi yake leo iko mikononi mwa INERA, nyumba za zamani za Makiso mjini Kisangani, na nyumba mpya zenye choo cha ndani. Yangambi haina mtandao wa umma wa maji taka. Kila nyumba inahifadhi uchafu wake chini ya ua wake yenyewe, kwa hiyo mwenye kukaa ndani yake ndiye anayepaswa kuijua njia ya maji hayo, hatua kwa hatua.

JUA KWANZA MAJI YANAPITA WAPI

Maji ya choo na bafu hupita vituo vitano:

1. Bakuli la choo na sifoni, yaani lile tundu la sakafuni lenye maji kidogo ya kuzuia harufu.
2. Bomba lililolazwa chini ya sakafu.
3. Chemba moja au zaidi uani, zenye mifuniko ya saruji. Hapo ndipo bomba hukaguliwa.
4. Fosi septiki. Ndani yake vitu vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea juu, na maji yaliyo katikati hutoka upande wa pili.
5. Shimo la kunyonya, ambalo mafundi wengi huliita pi perdi. Hapo ardhi inayanywa maji.

Njia ikifungwa kwenye kituo chochote, maji yanayofuata hujaa nyuma ya kizuizi, yanapanda, kisha yanatoka kwenye tundu lililo chini kuliko mengine yote. Katika nyumba zetu tundu hilo ni sifoni ya bafu. Kwa hiyo bafu likifurika, kosa huenda liko mita 15 kutoka hapo, chini ya mwembe.

KWA NINI NJIA HUFUNGWA

Maji ya kusukuma hayatoshi. Mabomba ya nyumba za zamani yalilazwa kwa ajili ya tangi la choo linaloachia maji mengi kwa mkupuo. Leo, mahali ambapo maji huletwa kwa bidoni, mtu humwaga kikombe kimoja au viwili. Kinyesi huondoka machoni, lakini hakifiki kwenye chemba. Hubaki ndani ya bomba, kikauke, na kingine kikamate juu yake.

Vitu visivyooza. Vitambaa, taulo za hedhi, nepi, mifuko ya plastiki, magunzi ya mahindi, majani magumu na kurasa za daftari haviyeyuki. Kimoja kikikwama, vingine hukusanyika nyuma yake.

Mawese. Mafuta ya mawese huyeyuka kabisa kwenye nyuzijoto 35 hivi, wakati joto la kawaida la Yangambi ni karibu nyuzi 25. Mafuta unayomwaga yakiwa moto huganda ndani ya bomba na kuwa utando unaoshika punje za wali na nyuzi za sombe.

Mizizi. Mwembe, mianzi na miti mikubwa ya kivuli hufuata unyevu. Mzizi mwembamba huingia kwenye kiungo cha bomba kilichopasuka, kisha hunenepa humo ndani.

Tope limejaa fosini. Fosi isiyotapishwa kwa miaka mingi hupitisha tope hadi shimo la kunyonya, na udongo ulioziba kwa tope haunywi tena.

Mvua. Yangambi hupata takriban milimita 1,800 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 hukusanya lita 5,000. Ikiwa maji ya paa au ya ua yanaelekea kwenye chemba, mvua moja kubwa inaweza kuishinda fosi ya familia nzima.

Mahali nyumba ilipo. Udongo wa juu kwenye uwanda wa Yangambi ni wa kichanga chekundu-njano, una kina kirefu na hunywa maji vizuri. Mabondeni na karibu na mto, maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi na hupanda msimu wa mvua. Shimo la kunyonya lililozama ndani ya maji ya ardhini haliwezi kunywa kitu, hata ukilitapisha kila mwezi.

SAA YA KWANZA

1. Watoe watoto, wazee, wagonjwa na wajawazito katika chumba hicho. Fukuza kuku na mbuzi, maana hubeba uchafu kwa miguu hadi jikoni.
2. Simamisha matumizi yote ya maji yanayoingia kwenye bomba: choo, bafu, kuosha vyombo, kufua. Kama majirani wanatumia fosi hiyohiyo, waambie nao wasimame. Kila ndoo wanayomwaga hutokea kwako.
3. Kama maji yamekaribia soketi, betri za sola au waya wa jenereta, kata umeme ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa huwezi kufika kwenye swichi bila kukanyaga maji, usiende. Toka nje, umtafute fundi umeme.
4. Fungua madirisha na milango ya nje. Zima mbabula, mishumaa na sigara, kwa sababu hewa ya maji taka inaweza kushika moto.
5. Weka kizuizi mlangoni mwa chumba: mifuko iliyojazwa udongo, au vitambaa vizito vilivyokunjwa.
6. Inua unga, mchele, kwanga na bidoni za maji ya kunywa, uzipeleke chumba kingine.
7. Andaa choo cha muda: ndoo yenye mfuniko, na majivu au unga wa mbao wa kufunika kila baada ya matumizi. Ukiweza kupata choo cha jirani asiyetumia fosi yenu, ni bora zaidi.

Kisanduku: Vaa hivi kabla ya kugusa
- Mabuti ya mpira. Kandambili hazikingi kitu.
- Glavu za mpira. Zikikosekana, vaa mifuko miwili ya plastiki mizima kila mkono na uifunge kwenye kiwiko.
- Kitambaa cha pua na mdomo, na miwani ikiwa ipo.
- Kidonda kifunikwe vizuri. Mwenye kidonda kikubwa asishiriki kazi hii.
- Sabuni na maji safi viwekwe nje ya chumba, tayari kwa kunawa.
Anayechomwa na msumari au kukatwa katika maji hayo anawe kwa sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya pepopunda.

TAFUTA PALIPOZIBA

Anza kwa kuangalia tu.

- Choo kimoja hakishuki, lakini bafu na sinki vinashuka: kizuizi kiko kwenye choo hicho au bomba lake fupi.
- Vyote havishuki, na ukimwaga maji chooni yanatokea bafuni: kizuizi kiko kwenye bomba kubwa au mbele zaidi.
- Hutokea wakati wa mvua tu: maji ya mvua yanaingia kwenye njia, au shimo la kunyonya limezidiwa na maji ya ardhini.
- Maji hushuka polepole zaidi mwezi hadi mwezi: shuku tope, mawese au mizizi.

Kisha nenda uani, ufungue chemba kwa mpangilio, ukianzia ile iliyo karibu na nyumba.

1. Muwe watu wawili. Tumieni chuma kirefu kuinua mfuniko, na msimame upande unaotoka upepo.
2. Acheni chemba wazi kwa muda kabla ya kuchungulia. Msiinamishe kichwa ndani, msiwashe kiberiti.
3. Chemba ya kwanza ikiwa tupu, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba hiyo.
4. Ya kwanza ikijaa na ya pili ikawa tupu, kizuizi kiko kati ya hizo mbili.
5. Chemba zote zikijaa, tatizo liko kwenye fosi au shimo la kunyonya.
6. Fungueni mfuniko wa fosi. Maji yakiwa sawa na tundu la kutokea, hiyo ni hali ya kawaida, kwa maana fosi nzima hujaa daima hadi hapo. Yakipanda juu ya tundu hilo, njia ya kutokea imeziba au shimo la kunyonya limeshiba.

Kipengele hiki cha 6 huokoa fedha nyingi. Watu hufungua fosi, wakaona maji, wakalipa watapishaji, na kesho yake bafu likafurika tena kwa sababu kizuizi kilikuwa kitambaa kwenye chemba ya kwanza.

Nyumba isiyo na chemba inayoonekana huenda inazo chini ya udongo. Fuata mstari kutoka choo hadi fosi, ugonge ardhi kwa chuma kila nusu mita. Ukizipata, zichimbue na uache mifuniko yake ionekane juu ya udongo.

KUZIBUA BOMBA

Utahitaji kekele ndefu yenye unene wa kidole, iliyo mbichi kiasi cha kupinda bila kuvunjika, au fito za mianzi zilizounganishwa vizuri. Ndoo mbili zenye mfuniko. Wavu wa waya au kikapu cha zamani. Na maji yasiyopungua lita 60, hata kama ni ya mvua.

1. Funga kitambaa kidogo kigumu kwenye ncha ya kekele kwa waya. Hakikisha hakiwezi kuchomoka na kuwa kizuizi kingine.
2. Fanya kazi kutoka chemba tupu kuelekea nyumba, ukiwa umesimama kando. Kizuizi kikiachia, maji yaliyojaa yatatoka kwa nguvu.
3. Weka wavu kwenye tundu la chemba linaloelekea fosini, ili takataka zisifike huko.
4. Sukuma, rudisha, zungusha upande mmoja. Usipige kwa nguvu, maana bomba la zamani hupasuka.
5. Maji yakianza kutoka, endelea kupitisha kekele mpaka ipite bomba zima bila kukwama.
6. Toa takataka kwa koleo hadi kwenye ndoo, kisha zizike mbali na kisima.
7. Mwaga chooni lita 10 kwa mkupuo mmoja, huku mwenzako akiangalia chemba. Rudia mara kadhaa. Maji yafike yote, na yafike haraka.

Angalia kilichotoka. Nyuzi nyembamba kama nywele ni mizizi, na zitarudi hadi kiungo kilichopasuka kitengenezwe. Mchanga na udongo mwekundu ni dalili kwamba bomba limevunjika. Kizuizi kisichoachia baada ya majaribio kadhaa ni kazi ya fundi mabomba. Mwonyeshe chemba zipi zilikuwa zimejaa na zipi tupu, naye atajua pa kuchimba.

Kama ni choo kimoja tu kilichoziba, funga vitambaa ndani ya mfuko imara mwishoni mwa mti, uubane kwenye shingo ya bakuli, na usukume na kuvuta polepole. Hutenda kazi sawa na pampu ya mpira.

Kisanduku: Onyo
- Usimwage soda kali ya kutengenezea sabuni wala asidi ya betri. Huunguza macho na ngozi, na hukaa ndani ya bomba ikimsubiri fundi.
- Usimwage javeli pamoja na asidi au dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa hewa yenye sumu.
- Mabomba ya kijivu ya saruji ya enzi za ukoloni yanaweza kuwa na asbesto. Usiyakate kwa msumeno wala kuyavunja yakiwa makavu, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu. Yalowanishe na umwachie fundi.

TOPE LIKIWA LIMEJAA FOSINI

Lipime kwanza. Chukua mti wa mita 2 au zaidi, uzungushie kitambaa cheupe, uushushe polepole hadi chini, ungoje kidogo, kisha uuvute taratibu. Sehemu iliyopakwa tope jeusi ndiyo kina cha tope. Ukijumlisha tope na mafuta yanayoelea, yakifika theluthi moja ya kina cha maji, wakati wa kutapisha umefika. Kwa familia nyingi hutokea kila baada ya miaka 2 hadi 5, kutegemea ukubwa wa fosi na idadi ya watu.

Kisanduku: HATARI YA KIFO
Usiingie ndani ya fosi wala shimo la kunyonya, hata likionekana tupu, hata kwa dakika moja, hata kumtoa mtu. Hewa iliyomo, hasa salfidi ya hidrojeni, humwangusha mtu kwa pumzi chache. Ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Mara nyingi wanaokufa ni wawili au watatu wa familia moja: wa kwanza aliyeingia, na ndugu waliomfuata kumwokoa. Mtu akianguka, piga kelele kuomba msaada, mvute kwa kamba ikiwa tayari amefungwa, na usishuke.

Utaratibu wa kutapisha mahali pasipofika gari la kunyonya:

1. Chagua siku kavu. Desemba hadi Februari ndicho kipindi chenye mvua kidogo Yangambi.
2. Chimba shimo la kupokea tope, angalau mita 30 kutoka kisima, chemchemi au kijito chochote. Ukikuta maji unapochimba, lifukie na uhamie sehemu ya juu.
3. Acha mifuniko ya fosi wazi kwa saa kadhaa, huku mtu mzima akilinda watoto wasikaribie.
4. Chota kutoka nje, kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu. Mchotaji asisimame juu ya mfuniko wa zamani, huenda saruji yake imeoza.
5. Acha tope kidogo chini. Lina vijidudu vinavyoyeyusha uchafu mpya, na fosi haitakiwi kuoshwa wala kutiwa javeli.
6. Jaza fosi maji tena hadi tundu la kutokea, kisha rudisha mfuniko na uzibe nyufa.
7. Fukia shimo la tope kwa udongo usiopungua nusu mita. Panda migomba juu yake ukitaka. Usipande lengalenga wala mboga yoyote inayogusa udongo, kwa maana mayai ya minyoo huishi humo kwa miezi mingi.

Tope lisimwagwe mtoni wala kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Kipindupindu cha mwaka 2011 kilianzia Kisangani mwezi Machi, kikafuata Mto Kongo hadi Kinshasa mwezi Juni. Ndoo inayomwagwa Yangambi leo inawaendea wanaochota maji Isangi kesho.

KUSAFISHA NYUMBA

Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha: ondoa, osha, ua vijidudu, kausha. Klorini ikimwagwa juu ya tope huisha nguvu kwenye tope lenyewe kabla ya kufika sakafuni.

1. Ondoa maji na tope kwa beleshi na ndoo, ukianzia mbali na mlango. Vizike, usivimwage kwenye mtaro.
2. Sugua sakafu na kuta kwa sabuni na maji, hadi sentimita 50 juu ya alama ya maji.
3. Paka maji ya klorini ya asilimia 0.5, uache kwa dakika 10 au zaidi, kisha suuza.
4. Fungua madirisha hadi chumba kikauke kabisa. Ukuta wa udongo ukwanguliwe sehemu ya juu, upakwe upya ukishakauka.

Kisanduku: Kuchanganya klorini
Kwa sakafu na vifaa (asilimia 0.5):
- Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70: vijiko 10 vya supu, vilivyosawazishwa, katika lita 20 za maji.
- Javeli ya nyuzi 12: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji.
- Javeli ya nyuzi 8: kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji.
Kwa nguo zilizokwisha kufuliwa (asilimia 0.05): chukua sehemu 1 ya mchanganyiko wa hapo juu, ongeza sehemu 9 za maji, loweka kwa nusu saa, suuza.
Changanya nje penye hewa. Tumia ndani ya siku hiyohiyo. Javeli iliyokaa juani au iliyonunuliwa zamani imepoteza nguvu.

Nini kitupwe: magodoro, mikeka na mito iliyolowa, unga, mchele, kwanga na mboga zilizoguswa na maji hayo, chupa za kunyonyeshea watoto. Nini kiokolewe: sufuria, sahani, viti vya plastiki na makopo ambayo hayajafunguliwa, baada ya kuoshwa kwa sabuni na kupitishwa kwenye klorini.

MAJI YA KUNYWA NA AFYA

Ikiwa kisima kiko chini ya mteremko kutoka fosi, au kiko karibu kuliko mita 30, kihesabu kuwa kimechafuka. Kwa siku hizo chota kwingine, au chemsha maji hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja na uyahifadhi katika bidoni safi yenye mfuniko. Kutia kisima dawa kunahitaji kipimo sahihi, kwa hiyo mwombe RECO, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa mtaa wenu akuunganishe na kituo cha afya.

Kwa wiki mbili zinazofuata mwangalie kila mtu wa nyumbani. Nenda kituo cha afya bila kungoja asubuhi ukiona:
- kuharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele, hata bila maumivu;
- kutapika kusikosimama, macho kuzama, mkojo kukauka;
- homa ya siku kadhaa, damu kwenye choo, au macho kuwa ya manjano.

Njiani mpe mgonjwa maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Anyweshwe kidogo kidogo bila kuacha. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

MAKOSA YANAYORUDIWA

- Kuziba tundu la bafu kwa saruji. Maji yatatafuta choo, au ukuta wa jirani.
- Kutoboa ukuta wa fosi ili maji yaende mtaroni. Nyumba moja inapata nafuu, mtaa mzima unapata ugonjwa.
- Kuelekeza maji ya paa kwenye chemba ili "yaioshe". Yanachafua shimo la kunyonya kwa kubeba tope kutoka fosini.
- Kulipa kutapisha kabla ya kufungua chemba.
- Kujenga jiko, duka au kaburi juu ya mfuniko wa fosi.
- Kuwapa watoto kazi ya kuchota uchafu.

KUZUIA: RATIBA YA MWAKA

Kila siku: mwaga angalau lita 5 kwa mkupuo baada ya haja kubwa. Maji ya kufulia, yakiwa yamechujwa nyuzi, yanafaa kabisa kwa kazi hii. Weka kopo lenye mfuniko chooni kwa taulo za hedhi, vitambaa na karatasi ngumu.

Kila wiki: mwaga ndoo mbili za lita 10 mfululizo. Futa mawese kwenye sahani na sufuria kwa majani kabla ya kuosha.

Kila mwezi: fungua chemba ya kwanza. Ikiwa na uchafu uliosimama, zibua leo, bado ni kazi ndogo.

Januari au Februari: pima tope, tapisha ikihitajika, kata mizizi, badilisha mifuniko iliyopasuka.

Julai, kabla ya mvua kubwa za Agosti hadi Novemba: safisha mitaro ya ua, ielekeze mbali na fosi, ugeuze maji ya paa yaingie kwenye pipa.

Nyumba zinazotumia fosi moja ziandike makubaliano mapema: nani anatunza ufunguo wa ua, kila kaya inachangia kiasi gani, na nani anaitwa. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi na picha siku ya kwanza, kabla ya kutoa fedha ya fundi.

Kisanduku: Kwa ndugu walio Brussels au Montreal
Huko tundu la chini kabisa liko kwenye chumba cha chini ya ardhi, na mbele yake kuna mfereji wa mji. Mfereji huo ukijaa kwa mvua, maji ya mtaa mzima yanaweza kuingia kwako. Kinga yake ni vali inayoruhusu maji kutoka na kuyazuia yasirudi. Montreal, kanuni za mji zinadai kinga hiyo. Ikaguliwe na kusafishwa kila mwaka, na wakati wa dhoruba usitumie maji, kwa sababu vali ikiwa imefungwa maji yako mwenyewe hayana pa kwenda. Hatua za kinga na usafi ni zilezile za hapo juu.

ORODHA YA KUBANDIKA NYUMA YA MLANGO WA BAFU

☐ Watoto wametoka, umeme umekatwa kutoka pakavu, hakuna moto
☐ Maji yote yamesimamishwa, majirani wameambiwa
☐ Mabuti na glavu vimevaliwa
☐ Chemba zimefunguliwa kwa mpangilio, palipoziba panajulikana
☐ Hakuna aliyeingia wala atakayeingia fosini
☐ Takataka zimezikwa, hakuna kilichokwenda mtoni
☐ Imeondolewa, imeoshwa, imetiwa klorini, imekauka
☐ Maji ya kunywa yanachemshwa
☐ Chanzo kimeandikwa pamoja na tarehe, ili fundi wa mara ijayo aanzie hapo